Jina la Masatu Kwenye Tangi

Tangu wamzike mzee Masatu kule Mwitongo, mwanawe Revocatus hakuwa amechomelea kitu chochote kikubwa. Kilichomrudisha kwenye karakana ya baba yake, Bunda, ni tangi la upepo la Mama Nyangi, mjane anayejaza matairi Kamunyonge. Mama huyo alitaka jipya, litakaloingia chini ya ngazi ya kibanda chake.

"Likizidi hata kidole litalala nje, na wewe utalala nalo," alimwambia, na Revocatus akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Vifuniko vya ncha mbili, vilivyobinuka kama bakuli, viliagizwa Musoma. Katika kupima, Revocatus alihesabu kina cha bakuli peke yake, akausahau ule ukingo mfupi ulionyooka unaokutana na pipa. Alipoviweka, tangi likazidi urefu. Pipa lenyewe lilikwishafungwa miguu na bomba. Kulipunguza ni kuanza upya. Akakata ukingo wa vifuniko, akachomelea palepale kwenye mkunjo. Mzee alikuwaga anamkataza: palipopinda pasiguswe na moto, maana hapo ndipo upepo unapobana zaidi.

Halafu akachukua herufi za chuma, akagonga ubavuni jina MASATU, moyo ukimjaa. Baba yake naye aligonga jina kwenye kila tangi, lakini baada ya jaribio la maji. Revocatus alitaka Mama Nyangi alikute tayari.

Alilikuta. Akapitisha kidole juu ya herufi, machozi yakamlenga. Ndipo wakajaza maji, kwani tangi lililojaa maji likishindwa humwaga tu, lililojaa upepo hupasuka likaua. Revocatus akapampu. Mshale wa kipimo haujafika nusu, matone yakajipanga kwenye mshono, kisha maji yakachuruzika hadi kwenye jina.

Alitamani mama huyo aseme neno, amtukane hata. Mama Nyangi aliyafuata maji kwa kidole hadi kwenye herufi.

"Hilo jina uligonga kabla ya maji, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Lifute. Halafu unitengenezee lingine, nitasubiri."

Revocatus akafungulia maji yatoke, akawasha mashine ya kusagia chuma, akaanza na herufi ya mwisho. Mama Nyangi akageuza uso kuelekea barabarani, kama mtu aliyemkuta jirani akioga.