Mguu wa Diep

Kwetu Sa Dec, huku Vietnam, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako asubuhi ya mwaka mpya ndiye anayekuletea mwaka mzima, uwe mwema au mbaya. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kwenda kwa mtu mapema bila kuitwa. Na aliyekuwa akiitwa na mtaa mzima ni dada yangu Diep. Alikuwa na mume, mgahawa wa supu ya tambi uliojaa watu, na kicheko chake. Watu waligombania mguu wake, wakiamini heri yake itaingia naye.

Mwaka huu mume kahamia kwa mwanamke mwingine huko Can Tho, mgahawa umefungwa, na simu ya Diep haikulia.

"Afadhali," akaniambia huku akifuta meza iliyokwisha kufutwa. "Kwa magoti haya? Nilishachoka kuzungukia nyumba za watu."

"Wanafiki wakubwa hao," nikasema.

Ndipo bintiye Quyen akapiga. "Mama, kesho asubuhi njooni na mama mdogo." Saa hakuitaja. Asubuhi ya siku ya kwanza, na mtu kakuita mwenyewe! Kwetu hilo lina maana moja tu. Diep akatoa vazi lake jekundu la hariri, akalipiga pasi, akalirudia.

"Unaona?" akasema. "Mwanangu hajanitupa."

Tulifika umande haujakauka. Quyen alipotuona akalishika geti kwa mikono miwili.

"He, Mama! Mbona alfajiri hivi?"

"Si umeniita, mwanangu?"

"Nimekuita, ndiyo, ila baadaye baadaye. Subirini hapo nje kidogo. Bwana Khai wa duka la dhahabu yuko njiani. Ni mambo ya nyota tu, Mama. Mwaka wako wa kuzaliwa haupatani na wa mume wangu."

Nyota! Tangu waoane ilikuwa inapatana vizuri tu. Nilifungua mdomo nimpashe, Diep akanifinya.

"Nani kasema nataka kuingia?" akacheka. "Tulikuwa tunapita."

Tukasimama ng'ambo ya barabara kama watu wanaosubiri basi. Khai akaja, tumbo mbele, akaingia, wakampigia makofi. Ndipo tukafunguliwa. Diep alicheka kuliko wote na kumsifu Khai kwa mguu wake wa heri. Mimi niliwachukia wote mle ndani, na keki yao ya wali nikairudisha sahanini.

Tukirudi, jirani yetu Bi Hoa akatusimamisha. "Diep, leo umeingia kwa Quyen?"

"Mimi? Ni mimi niliyemwambia amwite Khai. Mguu wangu umezeeka, nikamtafutia mtu wa maana. Muulize mdogo wangu."

Na mimi, kwa ulimi huu mrefu, nikaitikia, "Ndiyo."

Bi Hoa, ambaye kila mwaka alikuwa akimbembeleza Diep aanzie kwake, akamshika mkono kwa furaha.

"Basi shoga, mwakani niombee huyo Khai aje na kwangu."

"Nitamwambia," akajibu Diep, bado anatabasamu.