Jumatatu ya Copenhagen

Rukiya alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Miaka minne aliiuza Copenhagen akiwa amekaa kwenye kiti kibovu cha ofisi ya safari, mtaa wa Al Rigga, Dubai. Alijua jumba lipi hufunguliwa saa ngapi, lipi lina ngazi nyingi, na wapi mzee mwenye kisukari atapata choo cha haraka. Na miaka yote hiyo Madam Huda, mwenye ofisi, alimwimbia wimbo ule ule: "Mwaka kesho utawapeleka wateja wewe, inshallah." Mwaka huu wa 2013 viza ilitoka kweli. Ilitoka kwa jina la Irshad, mpwa wake Madam.

"Mwanamume, wateja watamwamini," Madam akasema.

Hebu fikiria! Mtu ambaye hata kwenye makumbusho ya hapa hapa Dubai hajawahi kutia mguu!

Rukiya alimeza hasira, akamwandikia Irshad programu ya siku nne ya kundi la wazee, saa kwa saa. Jumapili, Davids Samling, nyumba yenye misahafu ya kale na vyombo vya Waislamu wa zamani, kiingilio bure. Hiyo ndiyo aliyotamani kuiona mwenyewe kuliko kitu chochote. Picha yake aliibandika pembeni ya kompyuta.

Jumatatu saa kumi simu ikalia.

"Rukiya, pamefungwa!" Irshad alikuwa akihema. "Wazee wote wamesimama barabarani, Bi Asila ananishushua mbele za watu!"

"Mimi niliandika Jumapili."

"Nilibadilisha. Jumapili si ndiyo Ijumaa ya Wazungu? Nikajua watafunga, nikawapumzisha hotelini."

Ya Rabbi! Huyu ndiye wa kuaminiwa! Jumapili milango ilikuwa wazi, siku yao ya kufunga ni Jumatatu, na kesho alfajiri kundi zima linarudi Dubai. Madam Huda alikuja mbio, akaitia simu kwenye spika.

"Yalla, haraka, wasaidie!"

Rukiya alitaka kukata simu. Lakini wazee wale walikuwa na kosa gani?

"Mpe simu Bi Asila," akasema. "Shikamoo, Bibi. Ipe mgongo hiyo nyumba. Unaiona bustani ng'ambo ya barabara? Vukeni, mwingie. Fuateni njia yenye miti mpaka mwone kasri la matofali mekundu. Hilo leo liko wazi, na chini kuna mataji ya wafalme. Ngazi za kushukia ni kali, Bwana Tamim ashikwe mkono."

Kwenye spika walisikia viatu vikikwaruza changarawe, kisha kicheko.

"Nimeliona, mwanangu! Wallahi huku unakujua kama jikoni kwako. Ulikuja lini?"

"Sijawahi kufika, Bibi."

"Hujawahi? Sasa kwa nini sisi tumeletewa huyu, wewe ukaachwa?"

Madam Huda alimtolea Rukiya macho, kidole mdomoni. Khalas, basi. Miaka minne ilitosha.

"Madam Huda yupo hapa, anakusikia. Muulize yeye."

Akamsukumizia Madam simu mkononi. Akaibandua ile picha kwenye kompyuta, akaitia mkobani, akaelekea mlangoni bila kuaga.

"Huda?" spika iliita nyuma yake. "We Huda, si nakuuliza?"