Barua ya Chini ya Meza

Fundi hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na miwani isiyofungwa kwa uzi, hakuwa na cheti cha shule yoyote, wala subira na mteja anayesema "kata kwa kukisia tu." Hakuwa na Kiingereza pia, na kwa miaka sitini na minane jambo hilo halikuwa limemnyima usingizi, mpaka ilipofika barua ya mjukuu wake.

Mjukuu alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa ng'ambo, akakulia huko, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "Babu" na "asante." Baada ya miezi sita, aliandika kwa Kiingereza, kila mtoto atasoma mbele ya darasa barua kutoka kwa babu au bibi yake. "Babu, andika mwenyewe. Usiandikiwe." Karani wa posta alimtafsiria maneno hayo mara mbili, na mara ya pili Fundi alivua kofia.

Basi akajiandikisha shule ya jioni, pale pale alipokuwa akitengeneza madawati miaka arobaini. Wakampa dawati ambalo mguu wake mmoja aliubadilisha yeye mwenyewe. Lilicheza. Akajilaumu kimoyomoyo.

Kiingereza kilimwingia vizuri, ila kineno kimoja: "the." Kiswahili hakina kitu kama hicho, na Fundi alipokipata alikitumia kama mtu aliyeokota kopo la misumari. Alikipigilia mbele ya chai, mbele ya Jumatatu, hata mbele ya jina la mke wake.

"Babu," alisema mwalimu, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake mkubwa, "ukisema unapenda chai, chai yoyote ile, acha. Ukisema chai iliyo kwenye kikombe hiki, weka. Siku za wiki, acha. Majina ya watu, acha."

"Mbona acha, acha? Nyumba haitaanguka?"

"Haitaanguka. Sikiliza. Ukienda shuleni kutengeneza madawati, unaweka. Ukienda shule kusoma, kama mwanafunzi, unaacha."

Fundi aligeuka kutazama lango. Miaka arobaini alikuwa akiingia lango lile na sanduku la vifaa begani. "Kwa hiyo mimi sasa," alisema polepole, "naacha?"

"Unaacha, Babu."

Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevishwa nishani.

Sasa, kwa Fundi, karatasi ni kitu cha mwisho. Kila alichowaza alikiandika kwanza kwenye mbao kwa penseli bapa ya kazi, na akikosea, anafuta kwa msasa. Hata barua aliiandika hivyo hivyo, chini ya meza aliyokuwa akimtengenezea Mama Pacha, mshonaji wa mtaa wa pili. Alhamisi mwalimu alipitia karakanani, akapiga magoti, akakata "the" kumi na moja kwa penseli nyekundu. "Nakili leo hii, Babu. Kesho alfajiri nasafiri."

Fundi hakunakili leo hiyo. Ijumaa baada ya chakula cha mchana akaenda kwanza kununua bahasha na stempu. Posta hufungwa saa kumi, na karani alikwisha kumwambia kwamba barua itakayokosa mfuko wa Ijumaa hiyo itafika darasa limekwisha kusoma.

Aliporudi, meza haikuwepo.

"Mama Pacha kaichukua," alisema mkewe. "Ana wageni. Si ilikuwa imekwisha?"

"Imekwisha juu! Chini ilikuwa bado!"

"Tangu lini watu wanakula chini ya meza?"

"Barua yangu iko huko, mke wangu!"

"Si ulinitambia umeihifadhi yote kichwani?"

"Niliyoihifadhi ni ile yenye makosa."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi kimbia, mwanafunzi."

Kwa Mama Pacha walikuwa mezani, wageni watano na sahani tele. Fundi alitoa salamu, akakohoa, akasema amekuja kukagua mguu mmoja. Kisha akaingia chini ya meza na karatasi yake, katikati ya viatu vya watu.

Kulikuwa na giza. Alisoma huku akinong'ona. Goti la mtu likamgonga sikio.

"Fundi," aliita mgeni mmoja, mzee mwenye sauti nzito, "miguu ni minne tu. Unaihesabu mara ngapi?"

Watu wakacheka. Mama Pacha akainama, akaona mistari ya penseli nyekundu. "He! Nani kachorachora meza yangu mpya?"

Hapo Fundi angeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari ulimini, kitu kuhusu alama za vipimo. Lakini ilikuwa saa tisa na nusu.

"Ni mimi," alisema akiwa sakafuni. "Ni barua ya mjukuu wangu. Ya Kiingereza. Naenda shule."

Yule mzee akanyanyua sahani yake. "Mnangoja nini? Ondoeni vyombo!"

Wakaondoa vyombo, wakaipindua meza miguu juu, wakaisogeza dirishani. Fundi akaketi kitini, akanakili, watu wakimtazama na sahani mapajani. Alipofika kwenye sentensi ya shule aliandika taratibu, bila kile kineno.

"Jioni nitakuja na msasa niyafute maneno haya," alisema.

"Thubutu!" alisema Mama Pacha. "Meza iliyosoma? Acha hapo hapo."

Alifika posta dakika saba kabla ya kufungwa. Akalamba bahasha kupitia pengo la meno, akaifunga, akaikandamiza kwa viganja viwili kwenye kaunta na kuanza kuhesabu, kama afanyavyo kwa gundi ya mbao.

"Mzee," alisema karani, "hiyo ni bahasha, si kabati."

Fundi akahesabu mpaka ishirini. Ndipo akaiachia, karani akaigonga mhuri na kuitumbukiza kwenye mfuko wa Ijumaa.