Ng'ombe Walimlamba Mke wa Lutu

Jumanne ya tarehe tano Desemba 2023, saa nane mchana, mto wetu ulijaa maji ya mvua ambayo sisi hatukuiona. Kwetu bondeni, njia ya Kimali, mto ni mchanga mtupu. Tunachimba visima humo na kunywesha ng'ombe. Siku hiyo mbingu ilikuwa nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. Mvua ilinyesha huko juu, na wakubwa walijua. Mke wangu Ng'washi alifia humo. Sasa nakaa Bariadi mjini kwa binti yetu Flora.

Lakini nianzie kwenye pamba.

Mwezi wa saba mwaka huo wanawake wa jumuiya walikuwa uani kwetu wanatusaidia kuchambua pamba, safi huku, chafu kule. Mimi nilikaa ukutani nasuka kamba za ndama. Elina, jirani yetu, akauliza mahubiri ya Jumapili yalihusu nini, maana yeye alisinzia.

"Mke wa Lutu," Ng'washi akasema. "Mji unaungua, wanakimbia, yeye akageuka nyuma. Akawa nguzo ya chumvi."

"Umbea ulimponza," Elina akasema. "Alitaka kuona nani anaungua."

Wakacheka. Ng'washi hakucheka.

"Wale malaika walifika jioni bila taarifa. Lutu akasema karibuni, akakaa nao. Unga alikanda nani?"

"Mke."

"Basi yuko jikoni, moshi machoni. Maneno yote yako huko kwa wanaume. Alfajiri anashikwa mkono, twende! Anatoka na unga kwenye vidole. Ya kutogeuka aliambiwa Lutu. Yeye nani alimwambia?"

Mikono yao ikasimama juu ya pamba.

"Nyuma kabaki jirani aliyempokea mtoto wake wa kwanza. Wamebaki wakwe. Wamebaki ndama, wamefungwa ndani. Mbele mama zao wanalia, maziwa yanadondoka njiani. Ungesikia hivyo usigeuke?"

"Na chumvi je?" Elina akauliza.

"Ng'ombe wa Lutu walikuwa na hamu ya chumvi kama hawa wetu. Walirudi wakamlamba. Kuanzia miguuni, taratibu, mpaka akaisha. Ndiyo maana hana kaburi."

Elina akasema, "Wewe ukigeuka utakuwa magadi, wifi. Tutakutia kwenye mlenda." Wakacheka tena, na Ng'washi naye akacheka mpaka akafuta macho.

Maneno hayo yakamfikia katekista wetu, Januarius. Alikuja na baiskeli yake.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "Maandiko hayaongezwi."

"Sawa, mwalimu. Ila nijibu. Nani alimwambia?"

"Nitamuuliza padri."

Akanywa maziwa, akaondoka.

Tukafika Desemba. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mayunga, alipigiwa simu kwamba maji yanakuja. Alipigiwa lini, hakusema. Alimtuma mtu wa bodaboda kule visimani, tulipokuwa wanaume. "Pandisheni ng'ombe mlimani! Asirudi mtu!" Tukapandisha. Juu nikawakuta ng'ombe wa Mayunga wamelala wanacheua, ndama wao pembeni, ndani ya boma la miiba. Majani ya ile miiba yalikuwa yameshanyauka. Miiba iliyokatwa leo hainyauki leo.

Sisi mchana ndama hubaki nyumbani, wamefungwa ndani kivulini, wasimalize maziwa huko malishoni. Mama wa nyumba ndiye anayewalea mpaka jioni. Kwa hiyo tuliowapandisha ni mama tu. Walifika juu wakageukia bonde wakaanza kulia. Ng'ombe akilia hivyo huwezi kumswaga, anasimama tu.

Wanawake walituona tunakimbia, wakapanda nyuma yetu, hawajaambiwa kitu. Ng'washi alikuja na sufuria kichwani. Akaitua.

"Baba Flora, ndama mmewatoa?"

Nikasema bado.

Akageuka. Hakukimbia, alitembea ule mwendo wake wa kwenda kisimani. Nikamwita jina. Ng'ombe walikuwa wanalia, sijui kama alinisikia. Halafu mto ukaja, unanguruma kama malori ya pamba.

Tulimpata kesho yake kwenye uzio wa mkonge. Kamba ya ndama ilikuwa mkononi bado, ameizungusha mara mbili. Ile niliyoisuka mimi. Ndama mmoja tulimkuta hai juu ya kichuguu.

Kwenye mazishi alihubiri Januarius. Akasema mke wa Lutu aliambiwa, akakaidi. Na mayu wetu aliambiwa, akarudi nyuma. Kwa hiyo tuwatii viongozi. Mayunga alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki, anaitikia kwa kichwa. Nikaona mke wangu anazikwa na neno hilo juu yake, mkaidi, na watu watalibeba mpaka makwao.

Nikasimama. Mtu akanivuta shati. "Kaa, baba Flora, huu ni msiba."

"Najua ni msiba, ni wangu," nikasema. "Mwalimu, mke wangu alikuuliza swali mwezi wa saba. Padri alisemaje?"

Januarius akafungua kitabu, akakifunga.

"Mwenyekiti, ndama wako walikuwa juu kabla yetu. Miiba ilikuwa imenyauka. Wao waliambiwa. Bodaboda yako ilifika nyumba gani huku chini?"

Elina akasema kutoka upande wa wanawake, "Kwangu haikufika."

Mwingine akasema, "Wala kwangu."

Mayunga akasema hapa si mahali pake, twende ofisini. Nimekwenda ofisini. Mara yuko kwenye kikao, mara kasafiri. Januarius bado anasema padri ana kazi nyingi.

Yule ndama niko naye hapa kwa Flora, sasa ni mtamba. Jioni nikikaa anakuja kunilamba mkono, anatafuta chumvi ya jasho. Ulimi wake unakwaruza. Flora anasema, "Baba, mfukuze, atakuchubua." Namwacha tu. Sisikii kitu.

Bonde zima sisi wanaume tuliambiwa, tukapanda, tukapona. Ng'washi, nani alimwambia?