Udongo wa Mama Mado

Sauti ya Mado ilipoanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, Josée alisikitika mbele za watu, akacheka alipobaki peke yake.

Tusimhukumu upesi. Jemima aliyekuwa anaolewa alikuwa binti yake. Tumbo lililombeba lilikuwa lake. Lakini kwa watu wa Kasai waliozaliwa Lubumbashi, siku ya harusi kasala ni kazi ya shangazi. Yeye ndiye anayeghani majina ya sifa ya ukoo mpaka mababu wenyewe wageuze sikio kaburini. Mama mzazi anakaa kwenye kiti, anafuta machozi, basi. Na shangazi wa Jemima alikuwa Mado, dada mkubwa wa Casimir, mume wa Josée. Mtaa wote wa Katuba ulimjua Mado. Akifungua kinywa, hata wapiga muziki waliacha kula.

Josée naye aliijua kasala. Alijifunza jikoni kwa sauti ya chini huku akisonga bukari, ugali wa kwao. Alichokosa ni nafasi.

Nafasi ikaja na ugonjwa. Mado alianza kuvaa sweta mwezi wa Oktoba, wakati hata mbuzi wanagombea kivuli. Uso ukamvimba, miguu ikawa mizito, akasinzia kanisani katikati ya sadaka. Docta Keren akampima damu, akagusa shingo yake.

"Mama, hapa mu shingo kuko tezi kidogo. Njo inawasha moto ya mwili yote. Ya kwako imelegea. Utakunywa kidonge kimoja kila asubuhi, na mayi tu, mbele ya kula. Ni dawa ya maisha yote, lakini utaishi muzuri."

Miezi ikapita, moto haukuwaka. Docta aliongeza dawa mara ya kwanza, akaongeza tena, na Mado bado alitembea kama anayevuta gogo. Ndipo familia nzima ikageuka kuwa hospitali. Casimir alileta mafuta ya maombi. Jirani alileta majani machungu. Jemima, msomi wa chuo kikuu cha Kasapa, alisoma kwenye simu kwamba kuna matone ya iodini. Mjomba mmoja alishauri shingo ipasuliwe, mambo yaishe.

"Shingo yangu si karoti," Mado alimjibu. "Anza na ya kwako, tuone."

Ikaamuliwa Josée aende kwa wifi yake kila asubuhi kumsaidia. Alikwenda mbio kuliko ilivyohitajika. Na huko akaona jambo. Mado akimeza kidonge, hapohapo hufungua kopo kuukuu la maziwa, hutoa kipande cha pemba, ule udongo mweupe ambao wazee humpaka mtu wanayembariki, na ambao wanawake wengi hutafuna kwa siri. Alikitafuna akiwa amefumba macho.

"Iko ya kazi gani, mulamu?" Josée alimuuliza wifi yake.

"Ya kufunga dawa na baraka. Mama yangu hakughani hata siku moja bila pemba mu kinywa."

Josée akajisemea: kumbe! Sauti yake inakaa ndani ya kopo.

Asubuhi iliyofuata, Mado alipokuwa anaoga, kopo likaingia ndani ya kapu, likafunikwa na kitenge, likaondoka.

"Josée! Pemba yangu iko wapi?"

"Labda panya, mulamu."

"Panya wa Katuba banakula udongo?"

"Njala iko mu inchi."

Mado akanunua pemba nyingine. Panya wakarudi. Akanunua tena, akaificha ndani ya viatu vya ibada. Panya wale walikuwa na akili ya ajabu. Mwishowe akachoka, akameza kidonge chake kwa maji matupu, huku akilaani wanyama wote wenye mkia.

Josée akaanza kuandaa koo lake.

Lakini wiki zilivyopita, mambo yalimgeuka. Kwanza Mado alivua sweta. Kisha akapanda mwinuko wa sokoni bila kupumzika. Kisha, asubuhi moja, sauti ikatoka bafuni, pana na safi, na Josée akaangusha ungo wa mchele.

Wala haikuishia hapo. Moto uliokataa kuwaka sasa ulitaka kuunguza nyumba. Mado hakulala. Alisugua sufuria safi, akasema bila kituo, akatoa jasho kwenye kivuli. Mikono ilitetemeka na moyo ukamdunda kama ngoma ya msiba. Casimir akawapeleka Mado na Josée kwa docta.

Docta Keren alisoma majibu ya damu, akakunja uso.

"Dawa ni ileile. Zamani haikutosha, sasa imezidi sana. Kitu gani kimebadilika?"

"Hakuna," Mado akasema, kwa maana alikuwa na aibu ya kusema mbele ya docta kwamba anakula udongo.

"Mama, moyo haichezewi. Nikipunguza bila kujua sababu, itakuwa kupiga ramli. Na harusi ile, sijui kama nitakuruhusu kuimba."

Josée aliisikia nafasi yake ikibisha hodi. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Akamtazama wifi yake. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka, na mkono ulioshika glasi ulimwaga maji kwenye sketi. Huyu ndiye aliyempokea Jemima siku alipozaliwa.

"Panya ni miye," akasema.

Akatapika yote: kopo, kapu, viatu vya ibada. Docta aliinamisha kichwa mezani. Mabega yake yalitikisika, na hakuwa analia.

"Ile udongo njo ilikuwa inakamata dawa mu tumbo," akasema alipopata pumzi. "Udongo ilikuwa inakunywa, mama anabakia na njala ya dawa. Mimi naongeza, udongo inanenepa!"

Akapunguza kidonge. Akaagiza damu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa. Matone yasiguswe, shingo isipasuliwe, uji usubiri kwanza dawa ishuke. Na pemba, kwaheri.

Kwenye teksi Mado akamgeukia Josée.

"Uliniiba."

"Ndiyo, mulamu."

"Juu ya mimi nisighani."

"Ndiyo."

"Muzuri. Siku ya ndoa, kila muntu atakusikia."

Harusi ikafika, na Mado alikuwa amekwishatulia, mwili na moyo. Akasimama na maikrofoni. Akamsifu babu, akamsifu Casimir, kisha akageuka taratibu kuelekea kiti cha mama mzazi.

"Ninamwita Josée, panya wa nyumba yangu!
Panya asiyetaka unga, asiyetaka nguo,
aliyebeba udongo, akaniachia pumzi!
Mwizi aliyevunja mlango, ugonjwa ukatoroka!"

Ukumbi ulilipuka. Na anayetajwa katika kasala hana ruhusa ya kukaa. Josée akainuka, akacheza kuelekea mbele na aibu yake, jasho likimlowesha kilemba. Alipofika, Mado akajishika koo ghafla. Akakohoa. Sauti ya sufuria na mchanga ikarudi.

"Tezi... tezi imenikamata..."

Casimir akaruka na chupa ya maji. Mado akamfukuza kwa mkono, akamkabidhi Josée maikrofoni, akamsogelea sikioni kwa sauti nyororo kama asali.

"Ghani, mwizi. Mutoto ni wako. Lakini ukikosa jina ya tata yangu, nitapona palepale."

Josée akaghani. Alipokaribia jina la baba mkwe wake, alimwona Mado ameshaanza kusafisha koo. Akalitaja sawasawa, mara mbili.