Kitufe cha Saba

Gahongayire alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, roho mkononi, akimtazama fundi Ilyasi akifungua kinanda cha umeme cha marehemu mumewe. Nje, kwenye gereji za Gikondo, watu waligonga mabati bila huruma, na kila kishindo kilimshtua kana kwamba kimempiga yeye.

"Mama Ikirezi, nakuambia tena," Ilyasi alisema. "Humu ndani iko batiri ndogo. Hiyo ndiyo inashika sauti zote marehemu alizotengeneza. Nikichoma risasi ya kulehemu, umeme ukiponyoka hata kidogo, zote zinaenda. Hazirudi."

"Na usipochoma?"

"Batani ya saba imekufa. Hata ile ya kunakilia kwenye kaseti imekufa. Uamuzi ni wako, mama."

"Choma," akasema.

Alitaka sauti moja tu. Wiki aliyozaliwa Ikirezi, Nkusi alijifungia chumbani na kinanda hicho, akatengeneza sauti inayofanana na inanga, zeze la Kinyarwanda, ya baba yake mzazi. Akampigia mkewe mara moja tu, akamwambia, "Siku mtoto huyu atakapotoka nyumbani kwangu, atatoka na hii." Sasa Ikirezi anaolewa Jumamosi na Nkusi amezikwa tangu mwaka jana. Mama amekwisha kumwahidi binti kwamba baba yake atampigia. Ahadi nyingine mtu huzitoa kabla ya kufikiri.

Kwamba sauti iko kwenye kitufe cha saba hakuwa na shaka. Vyote vilichakaa kwa miaka ambayo Nkusi aliipigia kwaya ya kanisa, lakini hicho kilikuwa kimeliwa hadi namba yake ikafutika. Gahongayire alijiambia kwamba mume wake alikuwa akikibonyeza kwa siri, kila alipomkumbuka Ikirezi aliyekuwa shule ya bweni. Mjane akishapata wazo tamu namna hiyo, nani wa kumnyang'anya?

Ilyasi alipasha chuma chake cha kulehemu mpaka kikaanza kutoa moshi, kisha akakichomoa ukutani, maana chuma kisicho na umeme hakiwezi kuivujishia batiri chochote. Akagusa haraka, risasi ikayeyuka kidogo, chuma kikapoa. Akachomeka tena, akasubiri, akachomoa, akagusa. Jasho jembamba lilimtoka puani. Gahongayire alitamani kumwambia aache na alitamani kumwambia aharakishe. Hatimaye kitufe cha zamani kikatoka na kipya kikakaa mahali pake.

"Bismillahi," Ilyasi akasema, akawasha.

Gahongayire akabonyeza cha saba mwenyewe. Kikaitika vizuri. Alipogusa vibao vya kupigia, ikatoka sauti ya oganu. Oganu ile ile ya kila Jumapili kanisani, ya nyimbo za sadaka.

"Umeifuta!" Alisimama hadi kiti kikaanguka. "Ilyasi, umemfuta mume wangu!"

"Wallahi sijafuta, mama. Ngoja nijaribu zingine..."

"Oya! Usiguse!" Akakifunika kinanda kwa viganja vyote viwili. Angemwambia nini Ikirezi?

Hapo ndipo kidole gumba chake kikanata kwenye kitu. Kilikuwa kitufe cha pembeni kabisa, na kilikuwa na gundi.

Gahongayire akakitazama. Namba yake ilikuwa nyeusi, kali, kama imetoka dukani leo. Akakumbuka jana. Alikuwa amekisugua kinanda kizima kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kwa sababu kwao kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa fundi kikiwa kichafu, watu watasemaje. Kwenye kitufe hicho palikuwa na kipande cha plasta kikuukuu. Alikibandua kwa kucha, akimlaumu Nkusi kwa kupenda kubandika bandika vitu.

"Hii hapa umeitengeneza?" aliuliza, sauti imemshuka.

"Hiyo? Hiyo iko mzima. Haina hata dalili ya kutumiwa."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Watoto wa kwaya walikuwa wakishika kila kitu, na Nkusi alikuwa akikilinda kwa plasta kitufe cha siku moja tu. Kitufe kama hicho kisingechakaa. Na yeye, mkewe, ndiye aliyesema choma.

Akakibonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kinanda maandishi yakabadilika, yakasomeka IKIREZI.

Hakujua kupiga. Aligusa kibao kimoja tu, na uzi wa inanga ukalia ndani ya karakana, mrefu, ukatetemeka kidogo mwishoni. Gahongayire akalia waziwazi, mikono imekaa pale pale.

"Nisamehe, fundi," alisema baadaye.

Ilyasi alivuta droo, akatoa plasta, akakata kipande kwa meno na kumpa. Gahongayire akakibandika juu ya kitufe, akakikandamiza kwa kidole gumba.

"Mpaka Jumamosi," akasema.