Kushoto mwa Kibla

Fainali ilikuwa karibu kuanza, na runinga ya mkahawa wa Kadra, pale Garsen, ilikuwa nyeusi tupu. Wateja wake, wengi wao vijana waliotoka kuuza ng'ombe, walikuwa wameanza kuvuka barabara kwenda mkahawa wa Bule, ambaye runinga yake haikuwa na tatizo.

"Setilaiti yenu imefuata malisho," Bule aliwaambia kutoka ng'ambo. "Itarudi mvua zikinyesha."

Philemon, Mpokomo Mkristo kutoka Ngao aliyefundisha fizikia, alikuwa juu ya meza akishikilia dishi jipya. Mukhtar, kaka yake Kadra, ndiye aliyelituma kutoka Dubai, na sasa alikuwa akiwaelekeza kwa simu.

"Kushoto mwa kibla," alisema Mukhtar. "Ndivyo nilivyofunga la kwangu hapa Dubai kabla sijahama nyumba. Labda tangu hapo setilaiti imesogea."

"Haijasogea," alisema Philemon.

"Umeiona?" aliuliza Kadra.

"Sihitaji kuiona. Inazunguka dunia mara moja kila dunia inapojizungusha mara moja. Kwa kuwa zinakwenda pamoja, na ikweta si duara kamili, dunia huivuta kando kwa namna ileile kila siku. Setilaiti nyingi huchoma mafuta zisiteleze. Lakini kuna sehemu mbili ambapo hutulia zenyewe. Moja ni digrii sabini na tano mashariki, juu ya Bahari ya Hindi, na ndipo hii ilipo. Hata ikiishiwa mafuta, itayumbayumba palepale tu, haitakwenda mbali."

"Basi nani amekosea?"

"Sisi. Mukhtar akiswali huelekea wapi?"

"Makka, mwalimu. Hata Mpokomo anajua."

"Mpokomo anauliza Makka iko upande gani wa Dubai."

Kadra alichora ramani hewani kwa kidole. "Magharibi."

"Na wa Garsen?"

"Kaskazini." Akacheka. "Mukhtar, kushoto kwako ni kusini. Kushoto kwetu ni magharibi, huko Tsavo. Umetufanya tutafute mpira kwa tembo."

"Kibla ni kibla," alisema Mukhtar.

Philemon aligeuza dishi kulia mwa kibla, mashariki, akaliinua nusu ya njia kati ya upeo wa macho na juu ya utosi. Picha ikatokea, wachezaji wakiwa tayari wamejipanga uwanjani.

Vijana walirudi mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Kipenga kilipolia, ng'ambo alikuwa amebaki Bule peke yake. Kabla ya goli la kwanza naye alikuwa ameshavuka. Kadra hakumtania. Alimuuliza tu kama anataka chai ya maziwa au ya rangi.